Ukurasa wa Kumi na Nne

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili asije mtu akahangaika kumtafuta mwingine wa kumbebesha. Wanafunzi wangu wananiita Nukta-Mkato, kwa sababu programu ikikosa alama hiyo mahali pake nakata maksi bila kupepesa, na akija mtu kulia mlangoni kwangu namwambia kompyuta haina huruma na mimi sikuajiriwa niionee haya. Jina hilo nimelibeba miaka tisa na sikuwahi kulichukia. Siku hizi likitajwa nyuma yangu kwenye korido natembea haraka.

Mambo yalianza chuo kilipotutaka, sisi wa idara ya sayansi ya kompyuta, tupange upya masomo ya programu. Kila miaka mitano mtaala unafumuliwa, unashonwa upya, unapelekwa mbele ya baraza la chuo, na ukishapigwa mhuri ndiyo basi, haugusiki mpaka mitano mingine ipite. Mkuu wa idara alinichagua mimi kuwa mratibu. Mwenyewe alisema ni kwa sababu niko makini. Mimi nadhani ni kwa sababu wenzangu wote waliniwahi kuangalia chini.

Tulikutana kila Jumatano mchana, watu tisa, katika chumba chenye feni iliyopinda panga moja na ubao ambao kalamu zake zote zimekauka na hakuna anayezitupa. Unaandika, haiandiki, unairudisha palepale, unachukua nyingine. Wiki nne nzima tuligombania jambo moja: mtoto wa mwaka wa kwanza aanze na lugha gani ya programu. Ukitaka kuona watu wazima wenye shahada tatu tatu na familia nyumbani wakinuniana hadi wanashindwa kupeana kalamu, waulize swali hilo. Lakini chini yake kulikuwa na ugomvi mwingine ambao kila mtu alikuwa anauzunguka. Ulihusu somo la Mwalimu.

Idarani sote ni walimu, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, ni yeye tu. Ana miaka sitini na minane. Ndiye aliyetufundisha nusu yetu tuliokaa mezani pale, na mpaka mwaka jana alikuwa anafundisha somo moja tu, Misingi ya Programu, la muhula wa kwanza. Wanafunzi wakimwita Mzee Karatasi, kwa sababu wiki sita za mwanzo alikuwa hamruhusu mtu kugusa kompyuta. Unapewa karatasi, penseli na programu ya mistari kumi hivi. Unachora kisanduku kwa kila kitu ambacho programu inakumbuka, unaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, unashuka nao mstari mmoja mmoja, na kila namba inapobadilika unafuta iliyomo kisandukuni unaandika mpya. Yaani mashine ni wewe. Mwisho unaandika jibu ambalo kompyuta ingetoa, na ukikosea unarudi juu na kidole chako.

Alikuwa ameshastaafu. Alibaki kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kanuni ya chuo ni kwamba mstaafu hapewi mkataba mpaka awe na somo lake mwenyewe ndani ya mtaala. Somo likitoka, naye anatoka. Nililijua hilo, mkuu alilijua, na Mwalimu mwenyewe alilijua vizuri kuliko sisi.

Aliyetaka litoke ni Dakta. Madaktari wa falsafa idarani tuko watano, lakini huyu ndiye tuliyemwachia jina, kwa sababu ni mdogo kuliko wote, amerudi masomoni ng'ambo juzijuzi, na bado anafurahi akiitwa hivyo. Kijana mzuri, ana akili, ila mdomo wake unatangulia. Alisema siku ya kwanza kabisa mtoto lazima aone kitu kinacheza kwenye skrini, ama sivyo anakata tamaa. Akasema somo la karatasi ni makumbusho. Alilisema hilo Mwalimu akiwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Nikaanza kumpa vidonge vyake, Mwalimu akaniinulia kiganja na kuniambia nimwache mwenzangu amalize.

Mimi nina sababu ya kuwaka. Nilifika chuoni na begi moja, kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Siku ya kwanza maabara nilitafuta pa kuiwashia, nikabonyeza kitufe cha skrini mara sijui ngapi nikisubiri muujiza, na msichana wa jirani akacheka mpaka akashika meza. Jioni ile nilimwandikia kaka yangu barua kwamba narudi nyumbani, wanitafutie kazi yoyote, hata ya kufagia. Asubuhi yake nikaingia kwa Mwalimu kwa kuwa barua ilikuwa bado sijaipeleka posta. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na karatasi, na mbele ya karatasi sote tulikuwa wageni, hata wale waliokulia na kompyuta nyumbani kwao. Saa ilipokwisha nilikuwa nimepata yote na yule mchekaji hakupata hata moja. Mwalimu alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba huyu ameelewa mashine inavyowaza. Barua niliichana. Kwa hiyo mtu akiniambia lile somo ni makumbusho, asishangae nikimrukia.

Jumatano ya kura, Mwalimu alisimama kabla hatujaanza. Alisema jambo lenyewe linamhusu, si vizuri akae watu wakashindwa kusema yaliyo moyoni, akatutakia kazi njema, akachukua faili lake akaenda zake nyumbani. Tukabaki wanane. Nilisema niliyokuwa nayo, na sitajisifu, nilisema kwa hasira kuliko inavyotakiwa mkutanoni. Kisha nikatoa kwenye mkoba zoezi moja la Mwalimu, mistari kumi na miwili, nikaliweka mbele ya Dakta. Nikamwomba atuambie inatoa namba gani, bila kompyuta. Akaitazama kidogo, akasema tisa. Nikamwambia aangalie tena. Akainama, na sote tukamwona anaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alishuka nacho hadi chini, midomo inachezacheza, akarudi juu, akashuka tena. Halafu akacheka peke yake, akasema ni kumi, na kwamba amepigwa mchana kweupe. Kura ilipoitishwa mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake. Watano kwa watatu. Somo linabaki, na Mwalimu anabaki.

Sasa hapo ndipo tulipoharibu, tena kwa furaha. Mkuu simu yake iliita akatoka nayo. Mimi nilikuwa na kipindi, nikakimbia. Hakuna aliyemwambia mwenzake nani atampelekea Mwalimu habari. Mimi nilijua mkuu atamwambia, maana ndiye mkuu, mambo kama hayo husemwa na mwenye ofisi. Mkuu alijua nitamwambia mimi, maana mimi ni kama binti yake na habari njema nani asiyependa kuibeba. Nilipanga kweli kwenda kwake Jumamosi. Jumamosi mwanangu akaamka na homa. Jumatatu mitihani ikaanza, na kufikia Jumanne nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba anajua. Ungeniuliza wiki ile ningekuapia.

Na kuna mafaili. Kabla ya kura mkuu alikuwa amenitaka niandae rasimu mbili ili watu walinganishe, moja yenye somo la Mwalimu na moja ambayo mahali pake pamewekwa somo jipya la Dakta, la kuanza na skrini. Nikaandaa. Moja nikaiita Mtaala wa Mwisho. Nyingine nikaiita Mtaala wa Mwisho Kabisa. Baadaye ikazaliwa Mwisho Kweli, na nyingine Mwisho Kweli Mbili. Sisi ambao kila mwaka tunawasimamisha watoto wa watu na kuwahubiria namna ya kutunza matoleo ya kazi zao wasije wakachanganya la zamani na jipya, sisi wenyewe tunaishi hivyo. Fungua kompyuta ya mhadhiri yeyote wa idara yetu, utakuta uchafu uleule. Baada ya kura nikakaa nikasafisha rasimu, nikapanga majedwali, nikasahihisha maelezo ya kila somo, siku tatu, nikiwa na haraka ya mitihani. Nilisafisha ile isiyo yenyewe. Saa za masomo zilikuwa zinalingana, idadi ya masomo ilikuwa ileile, jumla kuu ilikubali, kwa hiyo hakuna namba iliyonipigia kelele. Ukurasa wenyewe sikuusoma. Niliuangalia.

Idara yetu ina desturi yake. Hakuna waraka unaotoka kabla haujapita mikononi mwa Mwalimu. Anausoma kwa rula na penseli, rula chini ya mstari, anasogeza, anasoma, anasogeza, na ukurasa akiuridhia anaweka sahihi ndogo pale chini. Tumekuwa tukimtania kwamba hata tangazo la choo kibovu lazima alipitie. Jumanne ile nilichapa mtaala wote, kurasa arobaini na mbili, nikaenda ofisini kwake, hayupo. Nikauweka mezani na kikaratasi juu yake. Niliandika: Mwalimu, naomba jicho lako, ukiona ni sawa weka sahihi. Nikaondoka kwenda kusimamia mtihani.

Alhamisi asubuhi aliniletea mwenyewe. Alinikuta mlangoni nafunga, nimejaza mafaili kwapani, kwa kuwa masijala walikuwa wanapokea mwisho saa nne. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Alisema kuna mikato michache nilisahau na jumla moja ya saa nilikosea, ameshaiweka sawa. Kisha akasema, "Imekaa vizuri, mwanangu. Umeifanya kwa heshima."

Nilidhani anasifia majedwali. Nikamwambia asante Mwalimu, na nitapita kwako wiki hii tuongee. Alinishika mkono hakuuachia upesi, nami nikawa natazama saa ya ukutani juu ya bega lake. Halafu nikakimbia masijala. Nikawahi, na nikafurahi kuwahi. Wiki ile ikapita na kwake sikupita.

Baraza likakaa, likapitisha bila swali. Chuo kikafungwa kwa likizo. Miezi miwili baadaye kitabu cha mtaala kikarudi kimepigwa mhuri kila ukurasa, na Mama Mihuri, katibu muhtasi wetu, ambaye amekaa kwenye kiti kile miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wahadhiri, akaanza kuandaa mikataba ya muhula mpya. Akaniita. Aliniambia Mwalimu hana somo. Nikamwambia atafute vizuri, lipo, avae miwani. Najua nilimjibu vibaya, na mwanamke yule hakuwahi kunikosea. Alikigeuza kitabu kikanitazama mimi, akaweka kidole ukurasa wa kumi na nne.

Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Mama Mihuri alinimiminia maji. Nilikuwa nimefungua kinywa nimlaumu mtu, na nikamtafuta huyo mtu, na hakukuwa na mtu.

Kwa mkuu niliingia bila kubisha. Alisoma ule ukurasa akavua miwani, akaniuliza kama sikuhakiki. Nikamwambia Mwalimu alihakiki. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeelewa kabla yangu.

"Si ulimwambia matokeo ya kura?" akauliza.

"Si ulimwambia wewe?"

Aliinua simu akampigia msajili wa chuo, akaeleza taratibu, akarudia, akaomba. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu lakini ulitosha. Wanafunzi wapya wameshasajiliwa kwa kitabu kile chenye mhuri, kwa hiyo hakibadilishwi. Marekebisho ni baada ya miaka mitano. Na mwalimu aliyefika miaka sabini chuo hakimpi mkataba, awe na somo asiwe nalo. Piga hesabu mwenyewe. Mkuu aliweka simu chini taratibu, akasema basi, akalirudia lile neno kama mara tatu hivi.

Dakta alipoambiwa alisema atampa Mwalimu nusu ya vipindi vyake. Tukamweleza kanuni, kwamba kugawana vipindi si kuwa na somo. Akasema basi ampe somo zima, yeye atafute lingine. Mkuu akamjibu kwamba jina la mhadhiri wa kila somo nalo limepigwa mhuri. Akakaa. Baada ya muda akasema yeye ndiye aliyemwita mzee wa watu makumbusho, akatoka nje, na siku ile hatukumwona tena.

Nilirudi ofisini kwangu nikaitafuta nakala ile ya Alhamisi, yenye penseli yake. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba ukurasa wa kumi na nne aliuruka, kwamba kurasa mbili ziligandana. Nikaufungua. Katika maelezo ya somo jipya, lile lililokaa mahali pa lake, alikuwa ameongeza mkato mmoja baada ya neno la tatu. Chini kidogo alikuwa amekata jumla ya saa niliyokosea na kuandika iliyo sahihi. Na chini kabisa, sahihi yake, ndogo, imenyooka. Mtu huyu alisogeza rula mstari kwa mstari juu ya kaburi lake mwenyewe, akanirekebishia na mkato.

Bado nikajidanganya. Nikasema ni uzee, siku hizi anasoma maneno haoni maana. Uongo huo ulidumu urefu wa korido, mpaka nilipofika mlangoni kwake. Mlango ulikuwa wazi. Rafu zilikuwa tupu. Mfagiaji aliniambia Mwalimu alikuja tangu mwanzo wa likizo, siku tatu mfululizo, akapakia makaratasi yake yote kwenye maboksi, akamwomba amsaidie kuyapeleka kwa wanaonunua karatasi kuukuu. Maboksi kumi na saba. Mazoezi ya miaka thelathini na kitu, yote kwa mkono wake. Mfagiaji alimuuliza kama habakizi hata kidogo, akasema hapana, watoto sasa wana njia nzuri zaidi.

Nyumbani kwake nilifika saa tisa alasiri. Mkewe, ambaye tangu nikiwa mwanafunzi namwita Mama, ndiye aliyenifungulia, akanikumbatia kabla sijasema neno. Aliniambia nimepotea mno, na kwamba mzee ananitaja kila siku. Akapunguza sauti. Akasema mwenzake haumwi, lakini anaamka saa kumi na mbili kama zamani, anaoga, anavaa shati la kazi, halafu anakaa sebuleni. Majirani wakimuuliza anawajibu kwamba ameomba mwenyewe kupumzika. Kila akisema hivyo, Mama anaondoka aende jikoni.

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, shati limepigwa pasi, vifungo mpaka shingoni. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akainuka ingawa nilimwomba asiinuke. Aliniuliza mwanangu amepona ile homa. Hata hiyo alikuwa ameisikia. Kuhusu idara aliuliza kama feni imetengenezwa.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, na yeye akanitangulia.

"Nilitaka kukushukuru," alisema. "Nilijua wenzako wamekuachia wewe mzigo wa kuniambia. Nikawa naona huruma. Nikajiuliza, mtoto huyu ataanzia wapi? Halafu nikaukuta ule waraka mezani, na kile kikaratasi chako. Ukiona ni sawa weka sahihi. Nikasema, ona alivyonitafutia njia. Hakuniita mbele ya watu, hakunitumia barua ya ofisi. Amenipa nisome mwenyewe, nikubali mwenyewe. Nikasema huyu amelelewa."

Mama alikuwa ameshaleta chai, akasimama na sinia akimtazama mumewe kwa fahari. Akaniambia hivyo ndivyo alivyomsimulia siku ileile, kwamba mwanao ana adabu. Nami nikaona njia mbili mbele yangu. Nikinyamaza, mzee huyu atabaki na adabu yangu ambayo haikuwepo, na imani kwamba tulikaa, tukampima, tukamwona hafai, tukamtoa kwa upole. Nikisema, atajua kwamba kazi yake ya maisha imekwenda na maji kwa sababu ya jina la faili. Sijui ipi ilikuwa huruma. Nasema kweli, mpaka leo sijui. Ila nilishindwa kubeba shukrani ile hata dakika moja zaidi.

"Mwalimu, nilikosea faili," nilisema. "Kulikuwa na rasimu mbili. Nilichapa isiyo yenyewe. Somo lako lilikuwa halijatolewa."

Alinisikiliza hivihivi, uso haukubadilika, kama anayesubiri nifike mwisho wa mstari. Nikamweleza yote: rasimu, majina ya mafaili, mkuu aliyedhani nimesema, mimi niliyedhani amesema, baraza, msajili, miaka mitano. Nilimwambia haiwezekani kurudi nyuma, tumejaribu. Nililia na kuongea kwa pamoja, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Mama aliweka sinia chini, vikombe vikagongana.

Nikamwambia angeniuliza. Nilijua sina haki ya kulisema hilo, lakini lilinitoka. Neno moja tu, Mwalimu, ungeniuliza.

"Ningekuulizaje?" alisema. "Ningekuwa naomba."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani, puu, puu, na hakuna aliyeinuka kuwakataza. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake. Nilijiandaa kwa hasira, kwa jambo lolote nililostahili, hata kufukuzwa, na ningeshukuru.

"Mlipiga kura?" aliuliza mwishowe.

Nikamwambia ndiyo.

"Zilikuwaje?"

"Tano kwa tatu. Ulibaki, Mwalimu."

Alinyanyua macho akamtazama mkewe, halafu mimi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanitaka," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza ni akina nani. Nikajifuta uso nikamtajia: mkuu wa idara, mwalimu wa hisabati, mama wa somo la mitandao, mimi, na Dakta. Akanikatiza hapo, Dakta yupi, nikamwambia yuleyule, na mkono wake ndio uliotangulia kwenda juu. Alitikisa kichwa polepole, akatoa leso hakuitumia.

Kisha akaniomba nimtajie tena, kuanzia wa kwanza.